Bi Mdogo wa Kwenye Karai

Jina la Bi Mdogo nililitoa mimi mwenyewe, kwa hiyo wa kumlaumu sina. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Asubuhi hiyo mume wangu alikuwa amechuchumaa mlangoni mwa chumba changu cha kushonea, kwa kiuno kile kile anachodai hakimruhusu kuokota hata kijiko kilichoanguka. Alikuwa anatoa majani makavu kwenye karai lake la maua, moja moja, kwa ncha za vidole, huku akinong'ona. Chai yake imepoa mezani. Nikapaza sauti ili na wapita njia wasikie: "Ukimaliza na bi mdogo wako, bi mkubwa anakusubiri ndani!"

Nilitaka aone haya. Badala yake akacheka, akajivuta nyuma kidogo, akalitazama karai kama analiona kwa mara ya kwanza. "Bi Mdogo," akasema. "Jina limemkaa." Tangu siku hiyo karai la kukorogea zege likawa na jina, nami nikawa na mke mwenza.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na ingawa amestaafu, mtaa mzima bado unamwita Dereva. Nimeolewa na mwanamume wa barabarani, na sisemi hivyo kwa kumsema vibaya, maana alileta chakula na hakulewa. Lakini alikuwa anakuja nyumbani kama mgeni: anaoga, anakula, analala, anabadilisha mashati, anaondoka. Neno lake lilikuwa moja, "safari ijayo". Bawaba ya mlango imelegea? Safari ijayo. Kikanyagio cha cherehani kinalia kama mtoto wa paka, tafadhali kitie mafuta? Safari ijayo, Mama. Watoto wamelelewa na kilio cha kikanyagio kile, wakalala nacho, wakasomeshwa nacho, na mimi nikijisemea, subiri, kuna siku lori litazimwa. Tutaweka viti viwili mlangoni, tutaongea yote ambayo hatukuwahi kuongea.

Lori likazimwa. Mwanzoni alilala tu, siku baada ya siku, nami nikapita kwa kunyata nisimwamshe. Halafu akatoka kwenda kununua misumari ya ile bawaba, akarudi na miche iliyofungwa kwenye gazeti lililolowa. Misumari alikuwa amenunua, sikatai. Akaichukua, akatoboa nayo matundu kwenye kitako cha karai lililoachwa na wajenzi, akajaza udongo, akapanda. Bawaba imelegea mpaka leo. Viti viwili niliviweka mlangoni kama nilivyopanga. Kimoja nilikalia mimi, kingine aliwekea ndoo yake ya kumwagilia.

Maua yenyewe siwezi kuyatukana. Yalishika kwa hasira. Ya zambarau, meupe, na mengine ya rangi ya ndani ya tikiti, yakajaa karai, yakafurika, yakamwagika ukingoni pande zote hadi sakafuni, mpaka wateja wangu wakawa wanashika magauni juu na kuyaruka ndipo waingie kupimwa. Wakisharuka, wanageuka na kusema, "Jamani, maua mazuri!" Hakuna aliyewahi kugeuka akasema, jamani, mshono mzuri.

Lakini kilichonichoma si maua, ni maneno. Karai ni karai. Hata mtoto anayeanza kusema atakwambia karai limejaa, karai limevuja. Mume wangu yeye alisema, "Amekunywa maji?" Alisema, "Leo jua limemchosha." Alisema, "Usiku kalala vibaya, mvua imempiga." Na mimi je? Usoni ananiita Mama, utadhani mimi ndiye niliyemzaa. Mgongoni ananiita nyumbani. "Nyumbani hawajambo." "Ngoja niulize nyumbani." "Nyumbani wamepika maharage." Najua ni heshima. Wanaume wengi huwataja hivyo wake zao, na baba yangu alimtaja mama yangu hivyo hivyo mpaka akazikwa. Heshima hiyo niliibeba miaka yote bila kuiona uzito, hadi siku niliposikia karai linaitwa yeye. Yaani mimi mtu nimekuwa mahali, na bati la zege limekuwa mtu! Jina langu, lile nililopewa na baba, sikumbuki ni lini mara ya mwisho lilitoka mdomoni mwake.

Mtasema mwanamke mtu mzima anaonea maua wivu. Ndiyo, naona wivu, tena wa wazi wazi. Wivu hauulizi kama mwenzio ana miguu.

Na miguu ndiyo iliyoleta balaa. Siku moja mume wangu alikuja na uso wa msiba. "Mama, wateja wako wanamkanyaga. Tazama hili shina. Hawezi kukaa chini hivi, lazima tumpandishe."

"Tumpandishe cheo?" nikauliza, lakini mzaha wangu haukumfikia.

Akaanza na matofali. Karai likakaa upande, maji yakakimbilia ndani na kulowesha pindo la gauni la mteja nililokuwa nimetoka kulipiga pasi. Akaleta kreti la soda, akasimama ng'ambo ya barabara kulitazama, akatikisa kichwa. "Hapana, anaonekana kama anauzwa." Akachukua stuli yangu ya plastiki bila kuniomba. Hiyo ilivumilia hadi adhuhuri, kisha miguu yake ikapanuka polepole, na karai likashuka chini kama bibi mwenye magoti mabovu. Aliye juu mngoje chini. Nakwambia, chai niliyokunywa mchana ule ilikuwa tamu bila sukari.

Ndipo alipoingia stoo akaona miguu ya cherehani yangu ya zamani.

Ile ya kukanyaga, ya kwanza, niliyoanzia maisha. Kichwa chake kilikwama zamani, na meza imeliwa na wadudu, lakini miguu ni chuma cha kazi, na ina nakshi za majani kila upande. Watoto waliponinunulia cherehani ya umeme, niliisukuma kwenye kona ya stoo na kuifunika kwa kitambaa kizuri. Sikuifunika gunia.

"Mama," akaanza, "ile miguu ya cherehani..."

"Hapana."

"Sijamaliza kusema."

"Mimi nimeshamaliza kusikia."

"Lakini kichwa chake si kimekufa?"

"Miguu haijafa."

"Ndiyo maana naiomba."

Nikamwambia kama anataka miguu akate yake. Baada ya kula akavaa kandambili akavuka barabara kwenda kwa kinyozi, anakokwenda kila akikosa la kufanya. Mimi nikabaki nimeshika mkasi, naitazama minyororo ya maua ikianguka kutoka kwenye karai, na sitaki kuwaambia nilikuwa nafikiria nini. Mkasi wangu hukata kitambaa kilichokunjwa mara nne bila kusita.

Kesho yake wifi yangu, dada yake wa pekee, akapiga hodi. Kavaa nguo za kutembelea wagonjwa na mkoba kaukumbatia kifuani. Akashika gauni juu, akaruka karai, akaingia, akafunga mlango, jambo ambalo hajawahi kufanya.

"Wifi, kaa chini."

"Nimekaa, wifi. Nashona."

"Basi shika meza. Kaka analeta bi mdogo."

Sindano ikasimama yenyewe. "Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe! Kwa kinyozi, mbele za watu, bila haya! Eti, 'Nataka kumpandisha Bi Mdogo pale mlangoni, kila anayepita amwone, tatizo nyumbani wamekataa.' Mtaa mzima unazungumza. Mimi usiku sikulala. Kwanza nimekasirika, halafu nikasema, hebu nimjue kwanza huyo mwanamke. Ni binti mdogo sana? Wewe umeshamwona?"

"Hata wewe umemwona. Umemruka ulipokuwa unaingia."

Wifi yangu akageukia mlango, akanitazama mimi, akaufungua, akachungulia chini. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa sakafuni juu ya vipande vyangu vya vitambaa, mkoba umemwagika, anajifuta macho kwa kipande cha bitana. Alipopata pumzi akauliza, "Sasa wifi, na wewe unagombea nini na karai?"

"Mume," nikamjibu.

Hakucheka tena. Nami kwa kuwa mdomo ulishafunguka, nikamwaga yote: kiti chenye ndoo, chai iliyopoa, "yeye" na "nyumbani". Nilimngoja kaka yako ujana wangu wote, nikamwambia. Amerudi, lakini hajarudi kwangu. Wifi akaokota vitu vyake taratibu, kimoja kimoja. Mwishoni akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kufokewa, "Hebu nikumbushe. Hivi wewe jina lako hasa ni nani?"

Nikamtajia. Akalirudia polepole. "Zuri," akasema. "Neno 'wifi' limelifunika." Akaondoka, na safari hii alilizunguka karai badala ya kuliruka.

Kumbe mabaya zaidi yalikuwa njiani. Kuanzia mchana walianza kuja wanawake, wengine hata nguo hawana za kushonwa. Pole, mama. Vumilia, ndiyo dunia. Mmoja akaushika mkono wangu na hakutaka kuuachia. Mwingine akanishauri nisimwage machozi mbele ya mume, nimwage chumvi kwenye mchuzi wake. Nikiwaambia bi mdogo ni maua, wanatazamana kwa ile huruma ya kumwona mtu akili imeanza kuyumba. Wivu naujua, naweza kuishi nao. Huruma ya majirani sikuiweza hata siku moja.

Mume wangu aliporudi nikamwambia, "Chukua hiyo miguu. Mpandishe mchana kweupe, mtaa uone kwamba bi mdogo wako ni karai."

Alifurahi hata hakuuliza kilichonibadilisha. Akaitoa miguu nje, akaisugua kutu kwa msasa, nakshi moja baada ya nyingine, akapaka rangi nyeusi, akakata ubao mpya akauweka juu. Nilikuwa namtazama kwa dirisha, na nilikuwa nikivumilia vizuri tu. Halafu nikamwona amechukua chupa ndogo ya mafuta, amepiga magoti, anadondoshea kwenye maungio ya kikanyagio. Akakisukuma kwa kiganja, kikaenda na kurudi. Hakikulia.

Nikatoka hadi mlangoni. "Mafuta ya nini? Yeye atakanyaga?"

"Chuma bila mafuta kinashika kutu, Mama," akasema bila kuinua kichwa.

Alikuwa amesema kweli, na kweli hiyo ilinikata. Nikarudi ndani nikakaa kitandani, mkono kifuani. Kilio nilichomwomba akinyamazishe ujana wangu wote kilinyamazishwa kwa matone machache, kwa ajili ya kitu kisicho na mguu wa kukanyagia. Nililia, na nililia kwa hasira, si kwa huzuni.

Karai lilipandishwa. Na lilipendeza, Mungu anisamehe, lilipendeza. Yale mashina yaliyokuwa yakilala sakafuni na kukanyagwa sasa yalining'inia hewani, yakapita katikati ya nakshi za chuma, mengine yakafika kwenye gurudumu la pembeni na kulizunguka. Kizuri chajiuza. Watu waliokuwa wakipita wakawa wanasimama, na mteja mmoja aliyekuja kuchukua sare za wanawe aliomba apigwe picha pembeni. Nikampiga mimi, kwa simu yake, na kwenye picha nikahakikisha kichwa cha mteja kimeziba maua mengi iwezekanavyo.

Mume wangu akaoga. Akavaa shati nililomshonea, lenye mifuko miwili, akachana na nywele zilizobaki. "Naenda kumwita kinyozi na wale wa pale waje wamwone," akasema. "Wanadhani nawadanganya." Akaenda zake, anatembea kama bwana harusi.

Nikasimama pale mlangoni, peke yangu na Bi Mdogo. Nikafikiria watakavyokuja, watakavyolizunguka, watakavyosifu, na mimi niko ndani nyuma ya maua, sauti ya cherehani ya umeme inayotoka mahali panapoitwa nyumbani. Nikasema, leo hapana.

Nikalikumbatia karai. Udongo ulikuwa umelowa na uzito wake ni wa maiti, likanipaka tope tumboni, lakini nililiteremsha. Sikumtupa. Nilimshusha taratibu na kuyalaza mashina yake upande wa ukutani asikanyagwe, maana kosa si lake. Nikashtuka nilipojisikia. Hata mimi nimeshamwita yeye.

Nikaingia ndani, nikanawa, nikafungua sanduku. Kuna kitambaa mume wangu alikileta kutoka safari moja ya mbali, cha kijani kibichi chenye mng'aro. Nilikishona gauni wiki ile ile na sikuwahi kulivaa, kwa sababu kila nilipopata pa kulivalia, wa kulionyesha alikuwa barabarani. Nikalivaa. Kifua kilibana, nikaacha kishikizo kimoja wazi, nikafunika kwa mtandio. Nikachukua kiti kile chenye ndoo, ndoo nikaiweka kando, nikakaa nyuma ya miguu yangu ya cherehani, mlangoni, uso barabarani. Juu ya ubao hapakuwa na kichwa cha cherehani, wala nguo, wala uzi. Nikaweka mikono yangu miwili mitupu. Mguu nikauweka kwenye kikanyagio.

Kikaenda, laini, kimya kabisa. Gurudumu likazunguka bila mkanda, na ua moja la zambarau lililobaki limenasa humo likazunguka nalo.

Wakaja. Sauti yake niliisikia kabla sijawaona: "Njooni tu mumwone, mseme mimi mwongo!" Kinyozi alikuja na aproni yake, kichana kimechomekwa kifuani, na nyuma yake wateja wawili, mmoja amenyolewa upande tu. Wakafika, wakasimama. Mume wangu alitazama ubao, akatazama ukutani, akanitazama mimi. Mdomo wake ulikuwa wazi.

"Bi Mdogo yuko wapi?" akauliza.

"Yuko chini, anapumzika. Leo nimepanda mimi." Nikaurekebisha mtandio. "Umewaita waje kuona. Basi, wacha waone. Waambie huyu ni nani."

Kinyozi akakohoa. Yule wa nywele upande akafunika kichwa chake kwa kiganja. Macho ya mume wangu yakatua kwenye gauni, akalitambua, nikaona kabisa alivyolitambua, yakashuka hadi kwenye kikanyagio. Mguu wangu ulikuwa unakwenda. Akasikiliza. Nadhani alikuwa anakingoja kile kilio alichokuwa akikisikia kila asubuhi ya kuondoka, akiwa amesimama pale pale na mkoba begani, akiahidi safari ijayo. Hakukisikia. Aliweka mkono wake kwenye pembe ya ubao, kama anazuia usianguke.

Nilingoja aseme "nyumbani". Nilikuwa nimeshajiandaa. Nilikuwa na jibu mdomoni la kumaliza ndoa.

Akasema jina langu.

Alilisema kwa shida, akaanza, akarudi nyuma, akalimaliza, kama mtu anayepita usiku ndani ya nyumba aliyohama. Hakuongeza kitu. Jina tu, lote, lile nililopewa na baba.

Wale wanaume wakatazamana. Hakuna aliyelijua. Kinyozi, ambaye ameishi ng'ambo ya barabara yangu tangu watoto wangu wakiwa wachanga, aliinama akachungulia karai lililo chini kando ya ukuta, akatingisha kichwa kwa kustaajabu.

"Jina zuri," akasema. "Ndilo jina la haya maua?"

"Hapana," mume wangu akamjibu, lakini alikuwa ananitazama mimi. "Ndilo jina la mke wangu."

Nilikuwa nimemsikia vizuri sana. Mtaa mzima ulikuwa umemsikia.

"Sijasikia," nikamwambia, na mguu nikauendeleza. "Rudia."